Kila Kaya na Mgonjwa Wake

Jumatatu, 8 Juni 1998

"Mtu hathamini kitu ambacho hakikumtoka mfukoni." Maneno ya Venant, daktari wetu wa zahanati, jana baada ya misa, mbele ya watu wote, kalamu zimejipanga kifuani kama medali. Uongo! Ziwa lile pale hatukulilipia — nani halithamini? Mama zetu je, tuliwanunua duka gani? Zahanati ilipokuwa bure watu walitoka alfajiri na watoto migongoni. Tangu waanze kudai pesa kila mtu anapougua, benchi la zahanati limebaki la kukalia kuku. Kumbe kuku ndio wenye kuthamini!

Sasa amekuja na mpya. Mfuko wa afya. Ulianza kule Igunga, anasema, na sasa unasambazwa, utajaribiwa kwetu. Kaya inalipa mara moja baada ya mavuno, inapewa kadi, inatibiwa mwaka mzima. Na kaya ni nini? Baba, mama, na watoto wasiotimiza miaka kumi na minane. Basi! Bibi hayumo. Binti aliyerudi kwao hayumo. Yatima wa dada hayumo. Kaya gani hiyo? Ya picha ukutani ofisini!

Nimeandika makala. Nimempiga kila aya. Nilihariri gazeti la elimu ya watu wazima hadi lilipofungwa na sisi kupunguzwa kazi, kalamu haijapunguzwa. Wenye gazeti la mjini wameichukua.

Kitu kimoja sikukiandika. Hesabu ya yule bwana inaingia akilini. Wazima wengi kumbeba mgonjwa mmoja — mbona hilo tulilihubiri sisi zamani? Nimelifuta kichwani. Limerudi.

Alhamisi, 11 Juni

Imetoka! Na hawakukata hata neno.

Mbaruku ameshaibandika ukutani. Mbaruku fundi cherehani, rafiki yangu, na msomaji wangu kuliko wote. Baba yake alikuja na reli kutoka Tabora, yeye akazaliwa Mwanza, akahamia huku shambani kwetu, barabara ya Kigongo, na cherehani yake. Ukuta wa baraza lake ni makala zangu tupu, mpaka zile zilizoliwa na jua. Anawasomea wateja huku anakanyaga. "Afya si kitenge ipimwe kwa mita!" — ananisoma kwa sauti kama khatibu. Mkewe Mwanaharusi alicheka ndani: "Dada Getruda, utatuponza, mume wangu sasa anahutubia hadi suruali."

Binti yao Nusrat amekuja. Ameolewa ng'ambo, Busisi, amevuka na kivuko kuja kujifungua kwao, ni mimba ya kwanza. Tumbo limeshuka. Aliniamkia akiwa amekaa, akacheka: "Nisamehe shangazi, nikisimama ni kazi ya kijiji."

Nilirudi nimejaa. Njiani, Bibi Suzana. Jirani yangu, mjane, analea wajukuu, mguu una kidonda tangu masika. Alisikia makala ikisomwa. "Nimeipenda mayu. Inachoma." Wananiita mayu, mama, hata walionizidi umri. Nikamshukuru. Akauliza, bila ubaya wowote: "Sasa ukishaandika, kidonda changu watakifunga lini?"

Nilisema nini? Nilisema kitu kuhusu shinikizo. Shinikizo! Bibi aliitikia kwa kichwa akaenda zake anachechemea.

Jumapili, 14 Juni

Nimefanya nini leo? Niandike taratibu.

Mkutano wa nzengo. Hapa kwetu nzengo ndiyo serikali ya karibu: kaya zote za kitongoji chini ya mkuu wake, Mashimba. Ukifiwa, hujamaliza kulia kuni zimefika, unga umefika, maji yamefika. Mgonjwa akizidiwa, vijana wa nzengo wanambeba kitandani hadi barabara kuu, maana kalvati letu lilibebwa na mvua za El Nino na hakuna gari linalopita. Labda trekta la Masalu, lile alilolinunua ushirika ulipouza mali zake.

Nilienda kupinga. Mfukoni nilikuwa na hoja saba! Watu bado wanabishana Nigeria ilivyowachapa Wahispania jana, Masalu anaonyesha goli kwa mguu. Venant akasimama, akaongea kama anasoma risala. Nikamrukia na ile ya kaya. Nikasema, kaya ni chungu. Waliokula chungu kimoja ni kaya moja, awe bibi, awe mtoto wa dada, awe binti aliyeolewa akarudi.

Yeye — nilitegemea matusi — akasema: "Mama Getruda, hilo nimeliombea wilayani. Nzengo ikiingia nzima, kaya zote, watakubali chungu. Na wazee na wasio na uwezo wataingia bure. Lakini zote. Ikipungua moja, hakuna makubaliano."

Nikamwona Bibi Suzana kule nyuma, mguu ameunyoosha juani, nzi wanamzunguka.

Na mdomo wangu ukafunguka. Huu huu! "Basi tuingie zote. Mbona msibani tunaingia zote? Tufanye kama msibani!"

Makofi. Mashimba akanigeukia. "Kama msibani, mayu?" Nikasema, kama msibani. "Umesema mwenyewe." Nikadhani ananisifu.

Halafu Suzana mwenyewe akapinga! Yeye! "Kuni hupelekwa mtu akishakufa. Nani alimpelekea kuni mtu mzima? Ni uchuro. Ukiulipia ugonjwa kabla haujaja, umeutumia nauli." Watu wakaguna, kweli, kweli. Venant akaanza kueleza asilimia. Maskini.

Nikauliza: "Bibi, kidonda chako kimekuja au hakijaja?"

"Kimekuja. Tena kimejenga."

"Basi tulipie kilichokuja. Kila kaya itaje ugonjwa ulio tayari ndani, huo ndio tuulipie. Hatumwiti mgeni, tunamlisha aliyekwisha fika."

Ee! Mkutano ukapasuka. Kila kaya ikatafuta mgonjwa wake. Mashimba akataja macho. Mwingine kikohozi. Masalu mgongo — "wa trekta," akasema. Mkewe Sabina akasimama: "Ugonjwa wa kwangu ndio huyu, aliyenunua trekta akaacha kununua sukari!" Hata Venant alicheka mpaka kalamu ikadondoka. Mimi nikataja jino, hili la nyuma, ambalo kweli linauma.

Wamekubali. Mpunga uletwe kwa Mashimba, uuzwe pamoja, uingizwe kwenye mfuko.

Nimeshinda? Nimeshindwa? Venant alinipa mkono. Sijui mkono ule ulikuwa wa nini.

Jumanne, 16 Juni

Mbaruku hakuwepo mkutanoni, alikuwa mjini kununua uzi. Leo amekuja kwangu. Hakukaa.

"Dada Getruda. Ya Alhamisi iko ukutani. Ya Jumapili iko wapi, nami niibandike?"

Nikamweleza chungu. Nikamweleza Suzana. Anasikiliza, anapangusa chaki mikononi.

"Uliandika afya si bidhaa."

"Na bado nasema."

"Na unalipa."

"Nalipa ili Suzana asilipe."

"Wa kumlipia Suzana ni serikali. Nani ameandika hivyo? Si mimi. Mimi nimesoma tu." Halafu akasema neno ambalo limenikalia: "Wewe una mahali pa kuhamisha maneno yako kila wiki. Mimi nayabandika na gundi."

Nimekasirika! Nimempigia kelele kwamba msimamo si kinyago. Alipoondoka nikakaa. Nilikuwa nabishana na nani? Kila alilosema ni langu. Kila nililojibu lilikuwa la Venant, nimelivisha kanga.

Jumamosi, 20 Juni

Mpunga umeletwa. Uwanja wa Mashimba umejaa kama gulio. Kila kaya inamwaga debe lake, inataja ugonjwa wake kwa sauti, kina mama wanapiga vigelegele. Kwa jino langu pia! Sijawahi kuona watu wakifurahia magonjwa hivi. Kama kuna kitabu kimoja kati ya vyote nilivyosoma kinachoeleza jambo hili, sikukielewa.

Kaya zote. Isipokuwa moja.

Nikaenda kwa Mwanaharusi kwa mlango wa nyuma, Mbaruku akiwa msikitini. Nikamsihi alete yeye, hata kwa siri, mume ataelewa baadaye. Akanivuta karibu. "Dada, mume wangu na haki zake, hayo ni yake. Nilishatenga debe, liko pale nyuma ya mlango. Lakini pale Mashimba nitataja nini? Humu ndani hakuna anayeumwa. Kuna tumbo la mwanangu tu. Nisimame mbele ya watu niite mimba ya kwanza ugonjwa? Mimi mamake?"

Nikasema, taja kitu kingine, kichwa, mgongo.

"Wote wanaliona tumbo. Nikitaja kichwa watasema ninaficha lile. Kuficha ndiko kunakoharibu zaidi."

Nimerudi nyumbani. Hila yangu. Hila niliyoitunga pale pale kwa sekunde mbili na kupigiwa makofi — imefungua milango yote, ila wa nyumba yenye mjamzito. Nyumba inayomhitaji daktari kuliko zote!

Jumatano, 24 Juni

Mashimba ametuma kijana apige filimbi. Baraza fupi. Nyumba ya Mbaruku imetengwa.

Asiyetengwa asimsalimie aliyetengwa wala asimwitikie. Asimpe moto, asimpe chumvi, asimshonee wala asishonewe. Mgonjwa wake habebwi, maiti yake haizikwi na nzengo. Anayevunja anatozwa ng'ombe. Asiye na ng'ombe anawafuata walioko nje.

Nilisimama. Nikasema hapana, hilo sikulisema, mimi nilisema tuchangie kama msibani tu!

Mashimba hakupandisha sauti. Hajawahi. "Mayu, msibani asiyeleta kuni tunamfanya nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Unajua. Ulizikiwa mume hapa. Ulikula ugali wetu siku zote zile. Mwaka ule yule wa kule bondeni hakuleta kuni kwa mumeo, tulimfanya nini, na wewe ulisema nini?"

Sikusema kitu mwaka ule. Niliona ni sawa.

Desturi ile nilichukua nusu, ile tamu. Nusu nyingine niliiacha imelala kama nyoka chini ya mtungi. Mashimba hakutengeneza chochote. Alichukua nzima. Na si mtu mbaya! Kusoma alijifunza kwenye gazeti langu, akiwa mtu mzima na ndevu, kidole kinafuata mstari. Akaongeza: "Yeye mmoja akikaa nje, wazee wote wanakosa. Suzana anakosa. Nimbembeleze yeye au nimtazame Suzana?"

Nikakaa chini. Mimi! Nimebishana na wakuu wa mikoa.

Haki ya wote inahitaji wote. Wote wanahitaji kulazimishwa. Wakilazimishwa, hiyo ni haki gani? Naandika sentensi hizi tatu, nazipanga upya, nazipanga tena. Hazikai.

Jumamosi, 27 Juni

Kwa Venant. Nimemwambia avunje lile sharti la kaya zote. Akaniwekea kiti kwanza.

"Wilaya wanasema wakiruhusu mmoja kukaa nje, mwakani watakaa nje wazima wote, watabaki wagonjwa tu. Mfuko wa wagonjwa watupu hauna siku mbili."

"Na binti wa Mbaruku?"

"Hata baba yake akilipa, kwa kadi ya kawaida hayumo. Ameolewa. Ni wa Busisi, na kule mfuko haujafika. Njia pekee ni ile ya chungu uliyoidai wewe. Na chungu kinataka kaya zote." Akavua miwani. "Unadhani nalala? Nimewaandikia mara mbili. Nimeiga hadi maneno yako ya gazetini."

Maneno yangu? "Ndiyo. Kaya ya picha ukutani. Nimeacha tu lile la kuku."

Kwa hiyo adui yangu ananinukuu na rafiki yangu ananitumia kama fimbo dhidi yangu. Mimi niko upande gani? Upo upande?

Ugonjwa haujui mpaka wa wilaya, kivuko kinavusha ng'ombe, mihogo na homa kwa nauli moja. Kadi peke yake ndiyo inayogeuka karatasi katikati ya maji. Hii ingekuwa makala nzuri. Sina hamu ya kuiandika.

Jumatano, 1 Julai

Nilikaa wiki nzima nikipita njia ya mbali nisikutane na mlango wa Mbaruku. Aibu! Leo nimepita ile ya karibu. Cherehani kimya. Barazani hakuna mteja. Makala zangu zinapepea zenyewe.

Nikarudi jikoni kwangu, nikachukua chungu chote jinsi kilivyokuwa, ugali na mchuzi wa sato, nikaweka makaa kwenye kigae, nikatembea katikati ya njia. Mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wanapepeta wakasimama na ungo hewani.

Mwanaharusi alifungua mlango, akaangalia kigae, akaanza kulia. "Dada, kiberiti tunacho."

"Najua mnacho."

Mbaruku alikuwa ndani anakata kitambaa ambacho hakina mwenyewe. Hakunisalimia. Akanisogezea kigoda. Tukala chungu kimoja, Nusrat na mimi tukigombea kichwa cha samaki. Miguu yake imevimba, kiatu hakiingii. Uso pia. Anasema ni joto. Akanitazama, akamtazama baba yake, akauliza kwa utani ule ule:

"Hebu niambieni nyie wasomi. Mimi ni haki au ni mgonjwa? Nijue nikae vipi."

Mbaruku akainamia mkasi. Mimi nikatafuna mfupa.

Jumatatu, 6 Julai

Nilikwenda mashine ya kusaga. Nikasalimia foleni. Hakuna aliyeitika. Sabina wa Masalu, ambaye juzi tu alikuwa anachana nywele zangu, akageukia ukuta. Niliona bega lake linatetemeka. Sijui kama alicheka au vipi.

Kijana wa Mashimba alikuja, akasimama mbali, akasema akiwa anautazama mti: baraza la kesi yangu litakaa Alhamisi. Mpaka hapo nipo nje kwa hofu za watu, si kwa hukumu. Hili nililishika. Sikujua la nini.

Bibi Suzana alipita nyuma ya nyumba jioni. Hakunisalimia. Aliweka fungu la matembele juu ya jiwe, akaongea na kuku wangu: "Kuku nyie, mwambieni mwenyewe kwamba kidonda kinanuka, na bado sijamkasirikia."

Jumanne, 7 Julai

Saba Saba. Redio inapiga ngoma toka asubuhi.

Nusrat anaumwa kichwa. Anaona vimulimuli. Mwanaharusi alikuja kwangu mwenyewe bila viatu. Nikakimbia zahanati. Venant hakuuliza kadi, hakuuliza kitu, alichukua mpira wake wa kupimia presha akanitangulia. Yeye si wa nzengo, hawamtengi.

Nilipoingia, daktari yule niliyemtukana mwezi mzima alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya mkeka, anapima mara ya pili, ya tatu, kana kwamba namba itamwonea huruma. Akampa dawa. Akanivuta nje. "Hospitali ya mkoa. Hapa siwezi. Akipata kifafa cha mimba tunawapoteza wote wawili. Dawa hii inanunua muda tu."

Mbaruku alikwenda kwa Masalu. Alikwenda mwenyewe! Akasimama nje ya ua akaita. Masalu alikuwa uvunguni mwa trekta. Hakutoka. Mbaruku anasema aliiona miguu yake tu, na miguu ile ilikuwa inataka kutoka. Hakuwa na ng'ombe wa faini, na akitengwa nani atamkodi trekta?

Mbaruku aliporudi alisimama mbele ya ukuta wake wa makala muda mrefu. Nikasema, kaka Mbaruku, chukua lile debe lipeleke. Taja chochote. Nitakwenda nawe.

Akasema, "Jana ningepeleka. Leo nikilipeleka nitataja nini? Nitamtaja yeye. Kwa sauti. Mbele ya vigelegele." Akaongeza polepole: "Tena leo si uchuro. Leo ni kweli. Mama yake hataki, na mimi mdomo haufunguki."

Alikwenda hata hivyo, na debe, bila kutaja. Mashimba alimrudisha. Si kwa ukali. Asiyetaja hajalipa, ndivyo tulivyokubaliana sote. Ndivyo nilivyotaka mimi.

Jumatano, 8 Julai

Asubuhi. Nusrat yuko nami, ndani kwangu. Tumemsogeza alfajiri, Mwanaharusi na mimi, hatua kwa hatua, kwa sababu nyumba yangu iko karibu na njia. Venant yuko naye. Amelala, mikono inashtuka-shtuka. Mbaruku amekwenda na baiskeli barabara kuu kutafuta watu wa kukodi. Hajarudi. Watu wa barabarani hawajui kubeba kitanda, wataulizana kwanza.

Nimejaribu kuongea. Nimesimama uwanjani nikapaza sauti. Nyuso zikageuka. Sauti yangu, niliyoitegemea maisha yangu yote, imekuwa kama mbwa anayebweka kwa mbali.

Lakini kutengwa kunakataza salamu, moto, chumvi. Hakuna mtu aliyewahi kukataza kusoma! Hawakufikiri kusoma kuna nguvu. Foleni ya mashine ya kusaga imeshajaa, na Mashimba hupita pale kila asubuhi akienda malishoni. Mlango wa mashine ni mpana. Gundi ya Mbaruku ninayo.

Hoja sina. Nimezitafuta. Sijui kama mfuko ni mzuri au mbaya. Sijui kama Mbaruku alikosea, au Mashimba, au wote walikuwa sawa na mimi ndiye niliyewakutanisha vibaya. Nitayajua baadaye, au sitayajua. Naandika hapa kwanza, nisifute mara mbili, kisha nachana ukurasa. Herufi kubwa, Mashimba asihangaike na macho:

KWA MASHIMBA. KWA MASALU. KWA KINA MAMA MLIO KWENYE FOLENI HII.

Sikuja kuwashinda.

Tulikubaliana kila kaya itaje mgonjwa wake. Mimi nilitaja jino. Nimebadilisha. Mgonjwa wa kaya yangu ni Nusrat, mwana wa Mwanaharusi. Namtaja mimi, kwa mkono wangu, ili mama yake asimtaje. Kama kuna uchuro, uje kwangu.

Mtasema si wa kaya yangu. Amekula chungu changu. Mliniona nimekibeba, mliosimama na ungo. Na chungu ndicho kaya, mlikubali kwa makofi. Analala kwenye mkeka wangu.

Kaya yangu imeleta mpunga. Mliupigia vigelegele. Kesi yangu ni kesho. Leo mimi bado ni mtu wa nzengo, na mgonjwa wa mtu wa nzengo hubebwa.

Kesho nitengeni. Nitakuja barazani mwenyewe, sitajibu hata neno. Lile debe la Mbaruku nalo muamue kesho, na kidonda cha Suzana, na yule bwana wa bondeni ambaye hatukumsemea.

Leo, Masalu, toka uvunguni, washa trekta, funga tela. Sabina, lete godoro. Mashimba, wewe ushike mguu wa kwanza wa kitanda, ili wengine waone unashikika. Msinijibu. Njooni tu, mlango wangu uko wazi.